Nani Anamfuata Nani?

Tamasha la muziki wa klasiki Nairobi halifichi mgeni. Mimi nilipiga makofi wimbo ukiwa haujaisha, ulikuwa umetua tu kati ya sehemu moja na nyingine, na mzee wa kiti cha mbele akanigeukia kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Nilikuwa nimeletwa na kibarua: maneno 300 kuhusu mama na mwanawe, mama kwenye piano, kijana kwenye klarineti. Pesa kidogo, lakini kodi ya nyumba haiulizi ni ya kazi gani.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi ya kukaa ndani na koti. Kabla hawajaanza, kijana alipuliza pumzi ndani ya klarineti mara kadhaa bila kutoa sauti yoyote. Nilidhani ni woga. Wakati wa mapumziko nilimfuata nikamuuliza. Akacheka, akaniambia alikuwa anaipasha joto. Klarineti ikiwa baridi sauti yake hushuka, ikipata joto hupanda, kwa hivyo lazima airekebishe kwa midomo na pumzi usiku kucha. Na piano je? Piano fundi akishakaza nyuzi zake imetoka. Usiku huo haisogei kwa ajili ya mtu.

"Watu hudhani mathe ndiye ananifuata," akasema. "Kwa sauti, mimi ndiye namfuata yeye."

Hayo maneno ndiyo yaliniharibia kibarua.

Kijikaratasi tulichopewa mlangoni kilimwita mama "msindikizaji". Fikiria hilo neno. Kwetu ukimsindikiza mgeni, unatembea naye hadi stejini, unambebea mzigo, unangoja matatu ije, anapanda, halafu unarudi peke yako. Safari si yako. Msindikizaji hafiki popote ila nyumbani alikotoka.

Lakini kazi kubwa ya jioni ile haikukubaliana na hilo neno. Ilikuwa sonata ya Johannes Brahms ya mwaka 1894, ya kwanza kati ya mbili alizotunga kwa klarineti na piano. Brahms alikuwa mtu mzima ambaye tayari alikuwa amejiambia kutunga kumemtosha. Kisha mwaka 1891 akamsikiliza Richard Mühlfeld, mpiga klarineti wa okestra ya Meiningen kule Ujerumani, na kalamu ikarudi mkononi. Mühlfeld mwenyewe alikuwa ameanza kwenye okestra hiyo kama mpiga fidla. Sonata zilipokuwa tayari, Brahms alikaa kwenye piano na Mühlfeld akasimama na klarineti. Mwenye kazi yake ndiye aliyekalia kiti cha "msindikizaji". Na sonata hiyo ya kwanza inaanza na piano peke yake. Klarineti inakuja baadaye, kama mtu aliyekuta mazungumzo yameshaanza.

Nilipokuwa nasikiliza, simu yangu iliwaka mfukoni. Dada. Sikushika.

Wacha niseme ukweli, maana bila huo insha hii haina kazi. Dada yangu mkubwa anasuka nywele. Alinilipia karo ya chuo kikuu tangu mwaka wa kwanza, mkono kwa mkono, kichwa kwa kichwa. Mwaka wa tatu niliacha. Sikufukuzwa, sikuugua. Niliamka siku moja nikaona sina haja tena na kile nilichokuwa nasomea, nikaacha kwenda. Hiyo sidhani ni dhambi. Dhambi ni kwamba sikumwambia. Muhula uliofuata alinitumia karo kama kawaida, na mimi nikaipokea. Nikalipa nyumba, nikala, nikanunua laptopu ya mitumba ambayo ndiyo naandikia sasa hivi. Alikuja kujua kwa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Alinitumia ujumbe wa neno moja, "Sawa," na wiki iliyofuata akapiga simu kuniuliza kama nimekula. Tangu hapo kila akipiga swali ni hilo hilo, na kila akipiga mimi huwa natafuta sababu ya kutoshika.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa muda mrefu nimeishi na hiyo hesabu. Nikipata kazi kubwa, nitamrudishia shilingi kwa shilingi, tutakuwa sawa, nitaweza kumtazama usoni. Lakini ule usiku niliwatazama wale wawili nikajaribu kupiga hesabu ya kijana. Ana deni gani? Masomo ya muziki, sawa, andika. Miaka ya mama kukaa naye akirudia sehemu ile ile, andika. Halafu klarineti yenyewe. Klarineti nyingi nzuri zinatokana na mpingo, mti ule ule wanaotumia wachongaji wetu wa Ukambani, na mwingi unatoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti wa kukua polepole, miongo kadhaa kabla haujafaa kukatwa. Kwa hivyo andika pia aliyeukata, na msitu, na mvua. Ukifika hapo kalamu inaisha wino. Hakuna mtoto anayeweza kulipa yote aliyopewa ili awe yeye.

Hapo ningeweza kumaliza vizuri. Ningesema mapenzi hayana daftari, familia si duka, tukapigiana makofi tukaenda nyumbani. Shida ni moja. Mwenye deni ndiye wa kwanza kusema kwamba mapenzi hayahesabiwi. Aliyetoa hasemi hivyo, ama akisema, ni yeye ana haki ya kusema. Mimi nikisema, nimejisamehe na pesa ya mtu mwingine.

Kwa hivyo nikarudi kwa kijana na mama yake. Sehemu ya pili ya sonata ni ya polepole, klarineti inavuta sauti ndefu na piano inagusa kidogo kidogo chini yake. Niliona mama haangalii mikono yake. Anaangalia mabega ya mwanawe. Mabega yakipanda, anajua anavuta pumzi, na vidole vyake vinangoja. Kumbe wanafuatana wote wawili, ila kila mmoja kwa jambo lake. Mama anamngoja pumzi. Kijana anamtunzia sauti. Piano haina pumzi ya kuishiwa, ndiyo maana inaweza kungoja. Klarineti inaweza kujipinda, ndiyo maana ni juu yake kulingana.

Dada yangu ni piano. Kodi ya saluni ina tarehe, mtoto wake ana shule, wateja wana Jumamosi yao. Yeye hawezi kusogea. Lakini kungoja alingoja. Nilipofeli somo mwaka wa pili alisema pole, utarudia. Pumzi alinipa. Mimi niliyeweza kujipinda, niliyekuwa na siku nzima na simu mkononi, ndiye niliyepaswa kulingana naye, na kitu pekee alichohitaji kutoka kwangu kilikuwa ukweli. Nikamwacha anasindikiza wimbo uliokwisha kuzima, muhula mzima, peke yake.

Hiyo pesa nitairudisha. Dawa ya deni bado ni kulipa, na laptopu ina bei inayojulikana. Lakini sasa najua hata nikimaliza, nitakuwa nimelipa ile sehemu ndogo. Ile kubwa hailipwi kwa mkupuo, inatunzwa kila siku: kumwambia niko wapi, nafanya nini, nimeshindwa nini, kabla hajalazimika kusikia kwa watu.

Watu walipoanza kutoka ukumbini nilisimama nje kwenye baridi nikampigia. Akashika.

"Umekula?"

"Bado," nikasema. Kawaida huwa nasema ndiyo. "Na kuna kitu nataka kukwambia, cha ile karo."

Kimya kidogo. Nyuma yake nikasikia redio na mtu akicheka. "Niko na kichwa cha mtu hapa," akasema. "Nimebakisha mistari mitatu. Ngoja."

Hakukata. Aliiweka simu mahali, nadhani kwenye rafu ya mafuta, na mimi nikangoja.