Cha Juu

Niliwahi kuwa mweka hazina wa timu yetu ya mtaani, Tandale. Ni cheo kikubwa kwa timu isiyo na hazina. Mpira wetu ulipopasuka tulichanga: watu 22, kila mmoja shilingi 2,000. Nikatumwa Kariakoo na shilingi 44,000. Nilirudi na mpira mpya, nikawaambia fedha yote imekwisha.

Mpira niliununua 39,000. Ile 5,000 ilibaki mfukoni mwangu. Sikuiita wizi. Niliiita nauli, jua, na saa mbili za kubishana bei.

Wiki mbili baadaye beki wetu wa kushoto aliuona mpira wa aina ileile dukani, na bei akaijua. Hakunigombeza. Aliniuliza tu mbele ya wenzetu, "Mhasibu, kwani huu mpira gharama yake halisi ni ngapi?" Watu wakacheka. Usiku ule nilichukua daftari ili nijisafishe. Nilitaka kuonyesha kwamba kila anayeushika mpira njiani huongeza chake, na kwamba mimi nilikuwa mmoja tu kati ya wengi.

Nilianza na maandishi ya kwenye ngozi yake: umeshonwa kwa mkono, Pakistani. Hapo jibu karibu kila mara ni Sialkot, mji wa jimbo la Punjab ulioshona mipira ya dunia kwa miongo mingi, na uliotoa mipira ya Kombe la Dunia la mwaka 2014. Sialkot haina bahari. Bandari ya Karachi iko zaidi ya kilomita 1,000 kusini, na baada ya hapo kuna Bahari ya Hindi hadi Dar es Salaam.

Nilidhani safari hiyo ndiyo ingekula fedha nyingi. Nikapiga hesabu. Mpira namba 5 una upana wa sentimita 22 hivi. Kontena la futi 20 lina ujazo wa takribani mita za ujazo 33, kwa hiyo mipira iliyojazwa upepo haiwezi kuzidi elfu tatu na kitu. Lakini mipira husafirishwa ikiwa imenywea, imebanwa kama chapati, na idadi huongezeka mara kadhaa. Upepo tunajaza wenyewe huku. Ukigawa nauli ya kontena kwa mipira yote hiyo, huenda kuvuka bahari nzima kuligharimu mpira wetu chini ya nauli yangu ya daladala.

Kodi ilikuwa rahisi zaidi. Nilichukua kiwango cha kawaida cha ushuru wa Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizokamilika, asilimia 25 ya thamani pamoja na bima na nauli. Juu yake, VAT ya asilimia 18, ambayo hutozwa hata kwenye ule ushuru. Kila shilingi 100 iliyofika bandarini inatoka ikiwa 147 na senti 50. Kisha kuna mwagizaji, pango la duka, na kijana wa kubeba mizigo. Mwisho wa ukurasa niliandika bila kusita: usumbufu wangu, 5,000.

Mstari mmoja ulibaki mtupu. Mshonaji.

Mpira wa aina ile una vipande 32, 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano. Mshonaji huvishona kwa ndani, kwa uzi uliopakwa nta, halafu anaugeuza. Mwenye mkono mzuri hutumia kama saa tatu kwa mpira mmoja, na hulipwa kwa mpira, si kwa saa.

Katika miaka ya 1990 dunia iligundua kwamba baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya watoto. Februari 1997, wenye viwanda wa Sialkot walitia saini makubaliano na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF. Kazi ikatolewa majumbani na kupelekwa kwenye vituo ambavyo wakaguzi wangeweza kuvifikia. Ilikuwa haki. Lakini wapo akina mama waliokuwa wakishona nyumbani huku wakiangalia watoto, ambao kituoni hawakuweza kwenda. Wao walipoteza kipato. Hata kutenda haki kulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na mtu ambaye hakuwa mezani.

Nikajaribu kuujaza ule mstari kwa kipimo nilichojipimia mwenyewe. Mimi saa mbili, 5,000. Basi yeye saa tatu, 7,500. Pitisha kwenye ushuru na VAT, inakuwa kama 11,000. Gawa kwa watu 22: shilingi 500 kila mmoja. Hiyo ni kama mshonaji hapati chochote sasa. Kwa kuwa kuna anachopata, nyongeza ingekuwa ndogo zaidi.

Shilingi 500. Kwa muda nilifurahi, kama mtu aliyegundua kwamba haki ina bei nafuu. Kisha nikajiuliza 500 hiyo ingefikaje Sialkot. Ingepitia kwa muuza duka, mwagizaji, wakala na mwenye kiwanda, kila mmoja akiwa na jua lake na usumbufu wake. Ingepita mikononi mwa watu kama mimi, na mimi nilikuwa nimeshaonyesha fedha ya watu ikipita kwangu hubaki ngapi.

Jumamosi nilikwenda mazoezini na daftari, lakini sikulifungua. Nilimpa beki ile 5,000 na kuwaeleza wote ilikotoka. Aliihesabu, akatoa 2,000, akanirudishia.

"Nauli hiyo. Ungetuambia tu tangu mwanzo, tungekupa."

Niliipokea. Tukaanza kucheza, na mara kadhaa mpira ulipofika miguuni mwangu niliutazama ule mshono. Mimi niliweza kuambiwa ungesema tu. Aliyeushona angemwambia nani?