Viti Kwanza, Imani Baadaye
Somo: Yakobo 2:1–26

Wahubiri wetu wakitaka kusema juu ya imani na matendo, wengi hufungua Waraka wa Yakobo sura ya 2 na kuanzia mstari wa 14, pale mwandishi anapouliza imani isiyo na matendo itamfaa nini mtu. Tukianzia hapo tunamkatiza Yakobo. Yeye alikuwa ameanza na viti. Watu wawili wanaingia kwenye kusanyiko, mmoja ana pete ya dhahabu na nguo za kung'aa, mwenzake amevaa matambara. Yule wa kwanza anakaribishwa mahali pazuri. Wa pili anaambiwa asimame kule, au akae chini karibu na miguu ya wenyeji. Ni baada ya kueleza hayo tu ndipo anapofika kwenye imani na matendo.

Mkristo wa Nyamasaria, huku Kisumu, hahitaji kufafanuliwa mambo ya viti. Ameyaona kwenye harambee ya kuezeka kanisa. Waumini wako kwenye viti vya plastiki chini ya hema, na mbele yamepangwa makochi yenye vitambaa vya kufumwa, hayakaliwi na mtu mpaka mheshimiwa afike. Akifika, mahubiri yanakatizwa. Anapewa kipaza sauti, anataja kiasi alichobeba, na wageni alioandamana nao pia wanataja chao. Mama muuza omena aliyeweka noti ya shilingi hamsini kwenye kikapu tangu asubuhi hatajwi, na wala hakutarajia kutajwa. Je, mchango wa mheshimiwa ni tendo jema? Mabati yatanunuliwa, hilo halina ubishi. Lakini katika mpangilio wa Yakobo, tendo la kwanza linalopimwa siku ile ni letu sisi tuliopanga makochi.

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye hadi 2021 alikuwa Askofu Mkuu wa Kisumu, aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia moja ya Soweto, jijini humo, zirudishwe. Mengi yalisemwa, na siasa haikukosekana. Wengine waliuliza kwa haki kabisa: kanisa likikataa pesa, nyumba ya padre itajengwa na nani? Kwa maoni yangu, ule ulikuwa ufafanuzi mzuri wa mistari minne ya kwanza ya Yakobo 2 kuliko mahubiri mengi tunayoyasikia.

Ubishi wenyewe wa imani na matendo ni mkongwe. Paulo katika Waefeso 2:8–9 anasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, asije mtu akajisifu. Martin Luther aliishika hoja hiyo ya Paulo kwa mikono miwili, na mwaka 1522 akauita Waraka wa Yakobo waraka wa mabua. Ilichukua hadi tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, kwa Wakatoliki na Walutheri kutia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, na kwamba matendo mema ni matunda ya kukubaliwa huko. Angesoma mstari mmoja zaidi, Waefeso 2:10, mtu angeyakuta karibu yote hayo: tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema.

Huku Nyanza ubishi huo ulikuja kwa sura nyingine. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 ulipofika kwa Waanglikana wetu, waliookoka walitaka kila mtu aungame hadharani na kushuhudia kwamba ameoshwa kwa damu ya Yesu. Lilikuwa jambo la kweli, na wengi waliacha ulevi, wakarudisha vya watu. Lakini likazuka swali la nani ameokoka na nani bado, na waumini wa kanisa moja wakaanza kutengana. Mwaka 1957 kasisi Matthew Ajuoga na wenzake wakajitenga, wakaunda Kanisa la Kristo katika Afrika, ambalo watu wanalijua kwa jina la Johera, yaani watu wa upendo. Sisemi upande upi ulikuwa na haki yote. Ninachoona ni kwamba ushuhuda wa imani ulikuwa umegeuka kuwa kiti cha mbele, na kuna waliokuwa wakiambiwa wasimame kule.

Ndiyo maana namwamini Yakobo anapochagua mifano. Anamtaja Ibrahimu, baba mwenye mali na heshima, kisha papo hapo anamweka Rahabu kando yake. Mwanamke kahaba wa Yeriko! Tendo lake lilikuwa kuwaficha wageni wawili juu ya dari, chini ya mabua ya kitani, na kuwatoa kwa njia nyingine. Hakupigiwa makofi, kwa sababu jirani angejua, angeuawa. Na imani anayo: katika Yoshua 2 anasema wazi kwamba amejua Bwana ndiye Mungu mbinguni na duniani. Kinywa chake na mlango wake vilisema neno moja.

Sasa tazama mstari wa 15. Yakobo anachagua upungufu wa aina mbili tu, nguo na chakula cha siku. Aliyeishi uwanda wa Kano anajua ni nani hukosa vyote viwili usiku mmoja. Mvua za masika zikizidi, kama zilivyozidi mwaka 2024, maji huingia ndani watu wamelala. Godoro limelowa, unga umelowa, sare za watoto zimekwenda na maji. Asubuhi kikundi cha kanisa kwenye simu hujaa maneno ya "tunakuombea" na alama za mikono iliyofumbatwa. Huko ndiko kumwambia mtu aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Maombi hayana kosa. Kosa ni kuombea unga wakati wako uko kabatini.

Hata kwenye ugonjwa tuko hivyo. Mtu akilazwa, mchango wa bili husuasua wiki nzima. Akifa, kamati ya matanga inaketi jioni ile ile, na kufikia Ijumaa hema, gari, vyombo vya muziki na ng'ombe vimepatikana. Mgonjwa hana viti vya mbele vya kuwapa wachangaji; matanga yanavyo.

Basi Jumapili hii soma Yakobo 2 kuanzia mstari wa kwanza. Ukimaliza, mwulize mzee wa kanisa au mama wa jumuiya ni nyumba ipi ambayo sufuria haijapanda jikoni tangu juzi, au ni mgonjwa yupi anayezuiliwa na bili. Jumatatu nenda huko na ulicho nacho, kilo mbili za unga zikiwa ndizo zilizopo. Omba pamoja nao kabla ya kutoka. Na usimpigie mchungaji simu kumwambia ulikuwa wapi.