Mjukuu na Namba ya Siri

Husemwa kwamba simu huwaondolea wazee upweke. Nusu ya kauli hiyo naikubali. Mzee anaweza kuwa mpweke kwa kutosikia sauti za watu wake, na anaweza kuwa mpweke kwa kutohitajiwa na yeyote. Upweke wa kwanza simu huutibu. Huu wa pili huenda ikauzidisha.

Tazama M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kabla yake, pesa za mama kijijini mara nyingi zilibebwa na mtu: kondakta wa basi, binamu aendaye likizo, jirani. Pengine zilipungua njiani, hilo tusilifiche. Lakini mbebaji alifika, akakaribishwa, akala, akaulizwa habari za mjini hadi usiku. Siku hizi simu inalia, salio linaongezeka, na mgeni hakuna.

Aristotle aliona kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe, bali huwazuia marafiki kuutenda. Na utengano ukidumu sana, husahau urafiki huo. Wapo watakaosema ujumbe wa sauti wa WhatsApp umekwisha kumjibu. Bibi ambaye macho yake yamefifia huusikiliza, akaurudia, akacheka palepale alipocheka awali. Siidharau furaha hiyo. Ila kinachomchangamsha kweli ni mwanawe kupiga simu akiuliza: mtoto akikataa kunyonya mlifanyaje? Mpaka wa shamba lile unapita wapi?

Kwa kuwa kuhitajiana huleta watu pamoja, nina shaka na wanaotaka kuwatengenezea wazee simu nyepesi kutumia ili wasimtegemee mtu. Bibi wengi huwapa wajukuu namba ya siri ya M-Pesa, wawatolee pesa kwa wakala na kuwasomea ujumbe. Ni hatari, wapo walioibiwa na damu yao wenyewe, na anayetetea uhuru wa mzee ana hoja nzito. Hata hivyo, zile dakika za mjukuu kuinama kando ya bibi, akibonyeza huku akikemewa kwa haraka zake, huenda ndizo mazungumzo yao pekee kutwa nzima. Uhuru kamili ungezifuta.

Je, heshima ya mzee ni kutomhitaji mtu, au ni kuhitaji bila kuaibishwa? Mimi nashika hili la pili, mradi mjukuu naye awe na jambo la kumuuliza bibi kabla hajainuka kwenda zake.