Kilicho Tahiri, Jee, Ni Salama?

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad: mas-ala tutakayoyaeleza katika karatasi hizi ni madogo kwa kuyatazama, lakini yameingia katika kila nyumba. Nayo ni haya: kitu kikiwa tahiri kwa hukumu ya sharia, jee, imetosha hiyo kukiingiza nyumbani na kukiweka mbele ya watoto?

Wengi wetu, ndugu zangu, twaijua najisi wala hatuijui sumu. Tone la mkojo likianguka juu ya mkeka, nyumba nzima husimama. Maji huletwa, mkeka ukaoshwa hata itoweke rangi na ladha na harufu. Na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya meza, hapana asimamaye, kwa kuwa hayaharibu sala. Na mtoto mwenye kiu hajui lililomo. Yeye aijua chupa tu.

Lau tungalirejea darasa zetu za kwanza tungalipata mazingatio. Wanafunzi wa chuoni husoma katika kitabu cha Abu Shujaa kwamba yako maji tahiri yenye kutahirisha, na juu ya hayo ni makuruhu: nayo ni maji yaliyopata moto wa jua katika chombo cha madini. Imamu Shafii hakuyachukia ila kwa upande wa utabibu, na wanazuoni wakataja khofu ya mbalanga. Kisha akaja Imamu Nawawi akapima, asione dalili ya kuithibitisha dhara hiyo, akakhitari kwamba si makuruhu. Basi tazameni: kauli ni mbili, na njia ni moja. Kila mmoja ameuliza, "Jee, kitu hiki chadhuru?" wala hapana aliyetosheka kwamba maji ni tahiri. Kadhalika mmea wenye sumu: wenyewe ni tahiri, na kuula ni haramu. Kumbe twahara ni hukumu moja, na usalama ni hukumu nyingine.

Na sumu ina hila. Mkaa ukiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na rangi wala ladha wala harufu, na walalao humo huenda wasiamke. Risasi iliyomo katika rangi za milango ya zamani hubanduka ikawa vumbi. Mtoto atambaaye huishika kwa mkono kisha akautia mkono kinywani, na akili yake ikapungua kabla hajafika chuoni. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama. Na wanja mwingine huuzwa kwa jina la ithmidi, ilhali ni jiwe la risasi lililosagwa, nao mama humtia mwanawe machoni kwa mapenzi. Na yako mafuta na sabuni za kujichubua zenye zebaki, ambayo hudhuru mafigo. Ama moshi wa jikoni, Shirika hilo limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Atasema msemaji: "Lau kina dhara kisingaliuzwa dukani." Twamjibu: petroli iliyotiwa risasi ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923, na nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, nayo ni Algeria, iliacha mwaka 2021. Karibu miaka 100 iliuzwa mchana kweupe. Soko hutoa bei, halitoi fatwa. Na mwingine atasema: "Wazee wetu walitumia." Kweli, nao hawakuwa na kipimo, asiyejua na aliyejulishwa hawawi sawa. Na wa tatu atasema: "Yote ni kadari." Naye kila usiku hufunga mlango kwa kuchelea mwizi, wala haoni kwamba amevunja tawakali.

Basi mwenye kutaka kuanza aanzie wapi? Wanazuoni wetu wameweka kanuni kwamba kuondoa uharibifu hutangulia kuleta manufaa. Kwa hiyo asianze kwa kununua, aanze kwa kuondoa. Na kuondoa hakumshindi maskini. Mafuta ya taa na dawa za panya aziondoe katika vyombo vya kunywea, aziweke mahali pasipofikiwa na mtoto. Wanja usiojulikana asili yake auache, na mafuta ya kujichubua vilevile. Jiko la mkaa lisilale chumbani. Madirisha yafunguliwe wakati wa kupika, hata wakati wa kufukiza udi. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, wala rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu.

Tena iko kanuni ya pili, kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Asiyetaka takataka kwake asichome mifuko ya plastiki uani, moshi ukamwingilia jirani. Wala asichanganye dawa ya klorini na siki au dawa ya choo yenye tindikali, kwani huzaa hewa ichomayo mapafu. Wala asipulize dawa ya mende juu ya chakula kilicho wazi.

Na neno hili ni letu sisi wanaume. Chakula twakila barazani penye upepo, na aliyekipika amekaa katika moshi tangu asubuhi, na mtoto mgongoni. Mwenye kushika fedha ndiye mwenye kuamrisha dirisha litobolewe. Na mwenye kuvuta sigara ukumbini mwake huwavutisha wasiokhiari. Watu wa nyumba ni amana, na amana haihifadhiwi kwa kuitakia kheri tu.

Wala hatuwaiti watu kwenye wasiwasi, mtu akaogopa kila chombo. Wasiwasi katika twahara umekemewa, na katika haya vilevile. Lililothibiti dhara yake tuliondoe, lenye shaka tuwaulize wajuzi, na lililobaki tutumie kwa kumshukuru Mola.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.