Amana ya Asiyeweza Kushitaki

Amana ya mali ina mwenyewe wa kuidai. Mtu akiweka fedha kwa mwenziwe, siku aitakayo hurudi akazihesabu, na zikipungua hupiga kelele mpaka kwa kadhi. Lakini ikiwa amana yenyewe ni mtu, na mtu huyo hakujaaliwa ulimi mwepesi wala uwezo wa kupanga hoja, ni nani atakayehesabu? Suali hili linawakabili wote waliochukua dhamana ya kuwatunza, katika majumba ya kulelea, wale waliozaliwa na ulemavu wa akili. Nao si wenda wazimu, kama wengi wanavyowachanganya. Wazimu ni maradhi, yaweza kumshika mtu yeyote ukubwani. Na hawa ni watu ambao ufahamu wao tangu utotoni huenda polepole, wengine kidogo, wengine sana, na furaha na khofu na haya wanazo kama watu wote.

Wengi wakiulizwa jumba jema la namna hii ni lipi, hujibu upesi: lisilo na msongamano, lenye fedha na watumishi wa kutosha. Jawabu hili lina ukweli ndani yake. Huko Staten Island, katika mji wa New York, lilikuwapo jumba la serikali liitwalo Willowbrook, lililokusudiwa watu 4,000, na ulipofika mwaka 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Seneta Robert Kennedy alilizuru mwaka huo, akatoka akilifananisha na shimo la nyoka. Mwaka 1972 televisheni ikawaonyesha Wamarekani watoto walio uchi, wamekaa sakafuni katika uchafu wao. Wazee wakashitaki, mwaka 1975 serikali ikakubali mbele ya mahkama kuyabadili mambo, na mwaka 1987 jumba likafungwa. Mtu angeweza kusema: punguza watu, zidisha fedha, na dhulma itaondoka.

Khabari za Uingereza zikaivunja hoja hiyo. Karibu na mji wa Bristol palikuwa na hospitali ya kampuni, jina lake Winterbourne View, yenye vitanda 24 tu. Kila mgonjwa alilipiwa kwa fedha za umma wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Msongamano haukuwapo, wala ufukara. Mwaka 2011 mwandishi wa BBC aliyejifanya mtumishi alifanya kazi humo wiki tano na kamera ya kificho, na mwezi wa Mei nchi nzima ikaona watu wazima wakipigwa makofi, wakiburutwa, wakibanwa chini ya viti. Watumishi 11 walikiri makosa, na 6 kati yao wakafungwa mwaka 2012.

La kutisha kuliko makofi ni kuwa khabari zilikuwapo. Muuguzi mmoja aliwaandikia wakuu wake, kisha akaiarifu idara ya ukaguzi, asipate wa kumsikiliza; ndipo akaenda kwa waandishi. Serikali ya wilaya ilikwisha pokea taarifa 40. Daftari la hospitali lenyewe, kwa mwaka 2010 peke yake, liliandika mara 379 ambazo wagonjwa walishikwa kwa nguvu. Yuko aliyewaambia wazee wake kuwa anapigwa, nao wakamtuliza kuwa jambo kama hilo haliwezi kuruhusiwa. Kila mmoja alishika kipande chake, hapana aliyeviunga. Na jamaa waliokwenda kuzuru hawakuruhusiwa kufika vyumbani.

Mzizi uko hapo. Fedha hununua kitanda na dawa. Jicho la mwenye kupenda halinunuliwi, na mlango uliofungwa hulizuia. Wala asijisifu anayemweka ndugu yake kwake: chumba cha uani nacho kina kufuli.

Wako wasemao kuwa mtu wa namna hii hajui litakalomfaa, basi kumuuliza ni kupoteza wakati: apewe chakula, aoshwe, alazwe. Kauli hii inaonekana ya huruma, na ndiyo inayofungua njia ya kila uovu. Aliyezoea kuulizwa kila asubuhi, chai au maziwa, kanzu hii au ile, ndiye atakayethubutu siku moja kusema, fulani kanipiga. Na mtumishi aliyezoea kungoja jawabu ndiye atakayelisadiki. Khiyari ndogo si anasa, ni mazoezi ya ushahidi. Na asiyesema kabisa husema kwa kukataa chakula, au kwa kujikunyata akiingia mtu fulani. Lakini lugha hiyo huisoma aliyemjua tangu zamani, na kumpeleka mtu mbali na kwao ni kumnyima msomaji wake.

Ni kweli kuwa wako wanaojiumiza, na mkono hauna budi kuwashika. Lakini kila mshiko una sababu, na sababu haina budi kusomwa na mtu asiyekula mshahara wa jumba lile.

Baada ya fedheha ile serikali iliahidi kuwa, ifikapo Juni 2014, wote wasiohitaji hospitali watakuwa wamerudishwa karibu na kwao. Muda ukapita, na zaidi ya watu 2,000 walikuwa wangali katika hospitali za namna hiyo. Mwezi wa Mei 2019 kamera nyingine ya kificho ikaonyesha mambo yale yale Whorlton Hall, katika jimbo la Durham. Idara ya ukaguzi ilikuwa imelipima jumba hilo mwaka 2017, ikaliandika kuwa ni jema.