Kilichofichwa Ndani ya Dhahabu

Somo: Waebrania 11:3



Somo letu latufundisha ya kuwa chanzo cha vitu vyote tuvionavyo ni neno la Mungu, wala si kitu ambacho jicho laweza kukifikia. Sisi tukaao Shinyanga na Geita twajua kutafuta yaliyofichwa. Huko Mwadui almasi ziligunduliwa mwaka 1940, na Geita watu hupasua mwamba kwa ajili ya dhahabu. Lakini wako waliotafuta ndani ya dhahabu yenyewe.

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge, Uingereza, alitambua chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, zilizomo ndani ya atomu, ambayo zamani ilidhaniwa haigawanyiki. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford mjini Manchester, walitwaa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kupita unywele, wakairushia chembe ziitwazo alfa. Wakaketi gizani wakihesabu vimeto vidogo vya nuru. Chembe karibu zote zilipita kana kwamba hapana kitu. Chache sana zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza maana yake: atomu karibu yote ni nafasi tupu, na uzito wake umo katika kiini kidogo mno katikati.

Baadaye ikajulikana ya kuwa kiini kina protoni, na mwaka 1932 James Chadwick akaonyesha ya kuwa mna neutroni pia. Hesabu ya protoni ndiyo iamuayo kitu ni nini. Dhahabu ina protoni 79. Zebaki ina 80. Tazameni, ndugu: tofauti ya moja tu, nayo haionekani; lakini moja yavaliwa shingoni, na nyingine ni sumu.

Basi kung'aa siko kunakoifanya dhahabu kuwa dhahabu, bali kilichomo ndani. Ndivyo Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese, alipovutiwa na kimo cha Eliabu, naye Mungu alikuwa akiutazama moyo.

Nasi tunalo jambo la kujipima kwalo. Katika machimbo kama Nyarugusu na Rwamagasa, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu ili zishikamane, kisha huchoma mchanganyiko huo. Zebaki huwa mvuke, dhahabu husalia. Mvuke huo haunuki wala hauonekani, lakini hudhuru ubongo na figo, hutetemesha mikono, na humdhuru mtoto aliye bado tumboni. Tumeona kazi hii ikifanywa juu ya jiko lile lile la kupikia uji wa watoto. Mchomaji akiulizwa, husema, “Mbona sioni kitu?” Ndugu, hilo ni jibu la ukoo wa Kaini, aliyekataa kuulizwa habari za nduguye.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu, maana wengi watafuta chakula na ada ya shule. Tena sisi wachungaji na wazee tuna hatia yetu: twaipokea sadaka ing'aayo, wala hatuulizi ni nani aliyeuvuta mvuke wake.

Kwa hiyo, enyi waalimu wa dini, wafundisheni watu wazi wazi. Zebaki isichomwe nyumbani, wala karibu na watoto na wanawake wenye mimba. Atakayechoma na atumie chombo kilichofungwa, kiurudishacho mvuke kuwa zebaki tena. Mabaki yasitupwe mtoni, kwa kuwa sumu huingia katika samaki, na samaki huliwa na jirani.

Yeye aliyeweka hesabu ndani ya kiini cha dhahabu, ndiye aliyehesabu nywele za vichwa vyetu. Mbele zake hakuna kisichoonekana. Na atutakase mioyo, tumpende jirani hata katika lile ambalo jicho halilioni. Amina.