Upepo ni wa Nani?

Ghorofa jipya la Kariakoo linaweza kujikusanyia kila sifa ya urafiki na mazingira: sola juu ya paa, matangi ya kuvuna maji ya mvua, kuta zisizopitisha joto. Jirani yake ni nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na uani nyuma, iliyojengwa ili upepo uingie mlango wa mbele utokee wa nyuma. Ghorofa likisimama, upepo unakatika. Viyoyozi vya juu vinawapoza wapangaji, na joto lao linatupwa nje, kwa aliyebaki chini.

Basi hilo ni rafiki wa mazingira ya nani?

Wanasheria wa Mfalme Justinian, mwaka 533, walihesabu hewa, maji yatiririkayo na bahari kuwa vya watu wote. Fiqhi ya Kiislamu nayo ina kanuni itokanayo na hadithi: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ugumu umo katika kupima madhara yenyewe. Mejelle, sheria ya madai ya dola la Uthmania iliyokamilika mwaka 1876, iliamua kwamba kumzibia jirani mwanga wote ni madhara yaliyopita kiasi, lakini kumkatia upepo si hivyo. Uingereza mambo yalikuwa hayohayo. Sheria ya 1832 ililinda mwanga wa dirisha uliofaidiwa kwa miaka 20, ilhali katika kesi ya Webb na Bird ya 1861, mwenye kinu cha upepo alishindwa na jirani aliyejenga shule karibu naye.

Mantiki yao inaeleweka. Dirisha lina kipimo. Upepo hauna mpaka wala hati.

Lakini udhuru huo umechakaa. Stuttgart, mji wa bondeni, huacha mikondo isiyojengwa ili hewa baridi ya usiku iteremke kutoka vilimani. Hong Kong, baada ya ugonjwa wa SARS wa 2003, ilianza mwaka 2006 kutaka miradi mikubwa ya serikali ipimwe itakavyoathiri upepo mitaani. Kinachopimika kinaweza kudaiwa. Na Dar es Salaam, katika joto la Desemba hadi Machi, kaskazi ndiyo inayokausha jasho la asiye na kiyoyozi.

Mtetezi wa ghorofa ana hoja nzito. Kila familia ikitaka nyumba yake na uani wake, mji utameza mashamba na mikoko, na watu watamalizia maisha kwenye daladala. Kaya nyingi zikipata makazi kwa hasara ya moja, hesabu si imelipa? Imelipa kwa anayehesabu vichwa. Kanuni ya madhara haihesabu vichwa, na neno lake la pili, kudhuriana, linamgeukia mwenye ghorofa mwenyewe: kiwanja cha pili kikiinuliwa kesho, atakayefungiwa dirisha ni mpangaji wake.

Msanifu anajua la kufanya: kuelekeza ubavu mwembamba kwenye upepo, kuinua jengo juu ya nguzo, kuacha mwanya. Kila njia inakula vyumba ambavyo vingelipiwa kodi, kwa faida ya mtu asiyelipa kodi hiyo. Dhamiri ya mwenye jengo haitaubeba mzigo huo peke yake wakati mshindani wake wa mtaa wa pili anajaza kiwanja chote. Kibali cha ujenzi kinaweza kuwabebesha wote wawili, endapo kitauliza, pamoja na uimara wa nguzo, upepo wa jirani utapita wapi.